Kibiongo Aliyeutia Umeme Hesabuni

Chukua saa ya ukutani ya umeme, ile ya zamani iendeshwayo kwa mota, iliyoundwa kwa ajili ya Marekani, uje nayo Mombasa. Kwanza utahitaji transfoma ya kushusha volti 240 za kwetu zifike 120. Hapo saa itatembea, lakini itakudanganya. Ukiitegesha sawasawa saa kumi na mbili jioni, kesho yake saa sita mchana yenyewe itaonyesha saa tatu asubuhi, na mwenye kuitegemea adhuhuri itampita. Sababu yake ni kuwa umeme wa Marekani huenda na kurudi mara 60 kwa kila sekunde, na wetu huenda na kurudi mara 50. Transfoma hugeuza volti, mizunguko haiigusi.

Basi umeme una tabia zake, na mwenye kutaka kuugeuza kutoka tabia moja hadi nyingine hana budi kujua hesabu yake. Katika watu walioiweka hesabu hiyo wazi, mimi napenda kumsimulia zaidi Charles Proteus Steinmetz, kwa sababu elimu yake na maisha yake vyote vina mafunzo.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa chini ya Prussia. Leo mji huo uko Poland na waitwa Wrocław. Alizaliwa na kibiongo, kama baba yake na babu yake. Mama alifariki yeye angali mtoto mchanga, akalelewa na bibi. Mwili haukumpa mengi, lakini akili Mwenyezi Mungu alimjaalia. Katika Chuo Kikuu cha Breslau aliwashinda wengi kwa hesabu, na wanafunzi wenzake wakambandika jina la Proteus, mzee wa baharini katika hadithi za Wayunani aliyeweza kujigeuza kila umbo. Jina hilo la utani alilipenda, na baadaye akalifanya lake.

Kijana huyu aliingia katika siasa ya ujamaa na kuhariri gazeti lililoichukiza serikali ya Bismarck. Mwaka 1888, kabla hajatunukiwa shahada yake, alitoroka akaenda Zurich, na mwaka 1889 akavuka bahari pamoja na rafiki yake, Oscar Asmussen. Maafisa wa bandari ya New York walimtazama: mfupi, kibiongo, Kiingereza hakijui, fedha hana. Wakataka kumrudisha alikotoka. Ni Asmussen aliyetoa fedha zake na kumdhamini, ndipo mlango ukafunguliwa. Sisi watu wa bandari twaelewa mlango kama huo ukifungwa humpoteza nani.

Alipata kazi kwa Rudolf Eickemeyer, mwenye kiwanda huko Yonkers, na huko akakichunguza chuma. Transfoma ni chuma kilichozungushiwa nyaya. Umeme uendao na kurudi hukitia chuma usumaku upande huu, kisha upande wa pili, na kila kikigeuzwa hukaidi kidogo. Ukaidi huo huwa joto, na joto hilo ni umeme uliopotea bure. Mafundi wa siku zile walikuwa wakiunda kwanza, kisha ndipo wajue hasara waliyoipata. Januari 1892 Steinmetz aliwaeleza wahandisi wa umeme wa Marekani kanuni yake: usumaku ukiongezwa mara mbili, hasara huongezeka kiasi cha mara tatu, na mizunguko ikizidi, hasara huzidi kwa kadiri ile ile. Tangu hapo fundi aliweza kukadiria hasara ile kabla hajakata chuma.

Mwaka 1893, katika mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago, alitoa jambo kubwa zaidi. Umeme wa kwenda na kurudi ulikuwa ukiwachosha mafundi kwa hesabu ndefu. Yeye akaonyesha kuwa ukitumia zile namba zenye kipeuo cha pili cha hasi moja, kazi ya kurasa nyingi huwa aljebra ya mistari michache. Neno lenyewe aljebra, msomaji, ni letu la Kiarabu: al-jabr, kuunga kilichovunjika.

Kampuni ya General Electric ilikuwa imekinunua kiwanda cha Eickemeyer, naye akahamia Schenectady. Wakati huo kila mahali palikuwa na mizunguko yake: mitambo ya maporomoko ya Niagara, iliyoanza mwaka 1895, ilitoa mizunguko 25, kwingine 60, kwingine 125 au 133. Katika vitabu vyake Steinmetz alieleza kuwa mota yenye nyaya katika sehemu yake izungukayo ni transfoma pia. Ikisimama, hugeuza volti peke yake. Ikizungushwa kwa nguvu, hugeuza na mizunguko: umeme wa 25 ukiingia, na sehemu ile ikizungushwa kinyume kwa kasi yake kamili, hutoka umeme wa 50. Alichunguza pia chombo cha mvuke wa zebaki alichokibuni Peter Cooper Hewitt mwaka 1902, ambacho huupokea umeme wa kwenda na kurudi na kuutoa ukiwa wa njia moja.

Mwaka huo wa 1902 yule aliyetoroka bila shahada alitunukiwa ya heshima na Chuo Kikuu cha Harvard.

Hakuoa. Hakutaka mtoto wake arithi mgongo ule. Lakini nyumba yake haikuwa kiwewe: alimkaribisha msaidizi wake, Joseph Hayden, pamoja na mkewe, akamfanya mwana kwa sheria ya nchi ile, na watoto wa nyumba wakamwita babu. Alipopewa uongozi wa halmashauri ya elimu ya mji, alipigania vitabu vya bure na madarasa ya watoto wa wageni. Hakuisahau bandari ya New York.

Mwaka 1920 radi ilipiga kibanda chake cha mapumziko kando ya mto. Wengine wangelia na hasara. Yeye aliokota vipande vya kioo kilichovunjika, akaviunganisha ili aone njia uliyopita umeme. Mwaka 1922 akaunda mtambo wa kufanya radi ndogo, ya volti 120,000, apate kujua namna ya kuzikinga nyaya.

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1923, akiwa na umri wa miaka 58. Transfoma zilizo juu ya nguzo za mitaa yetu zaendelea kuifuata hesabu aliyoifungua. Nasi tusimpime mja kwa umbo lake, kwani Mola huweka elimu popote apendapo.