Mark Twain na Deni la Kampuni Yake

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa hapa Buwenge, na sasa natunza hesabu za watu wenye maduka na mashine za kusaga mahindi mjini Jinja. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: biashara ikifungwa, deni lake ni la nani? Nataka kuwajibu kwa kuwasimulia maisha ya mwandishi mmoja wa Marekani.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Samuel Clemens. Alizaliwa katika jimbo la Missouri tarehe 30 Novemba, 1835. Baba yake alikufa mwaka wa 1847, akawaacha katika umaskini, na mtoto akaenda kujifunza kazi ya kupiga chapa. Baadaye alikuwa rubani wa meli katika mto Mississippi, kisha mwandishi wa magazeti, akajiita Mark Twain. Vitabu vyake juu ya Tom Sawyer na Huckleberry Finn vilipendwa mno, naye akatajirika.

Lakini hakutosheka na kuandika tu. Mwaka wa 1884 alianzisha kampuni ya kutoa vitabu, akamweka Charles Webster, mume wa binti wa dada yake, aisimamie. Mwanzo ulikuwa mzuri. Walitoa kitabu cha Jemadari Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, na mwaka wa 1886 mjane wake akapewa hundi ya dola 200,000. Baadaye vitabu vingi havikupata wanunuzi, na fedha za Twain zikamezwa na mashine ya kupanga herufi ambayo kila mara iliharibika. Mwaka wa 1893 biashara ilianguka Marekani nzima. Aprili 1894 kampuni ikafungwa.

Hapo ndipo penye fundisho. Kampuni ile ilikuwa ya shirika, na Twain alikuwa mshirika. Katika shirika la namna hiyo, mali ya biashara isipotosha, wadai humfuata mshirika nyumbani kwake. Wadai walikuwa karibu 100, na deni kiasi cha dola 100,000. Twain alikuwa na miaka 58. Rafiki yake Henry Rogers, tajiri wa mafuta, alimshauri aandike haki za vitabu vyake kwa jina la mkewe Olivia, ambaye naye aliikopesha kampuni fedha nyingi. Hivyo vitabu havikunadiwa.

Angeweza kupatana na wadai apunguziwe. Yeye na mkewe wakakata shauri kulipa yote. Julai 1895 akaanza kuzunguka dunia, akihutubia watu kwa kiingilio: Australia, New Zealand, Ceylon, Bara Hindi, mpaka Afrika ya Kusini, alikomaliza Julai 1896, mwaka ule ule reli ya kuja Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa. Mara nyingi alihutubia akiwa mgonjwa. Agosti, akiwa Uingereza, binti yake Susy akafa Marekani, wala baba hakuwahi mazishi. Hata hivyo akaandika kitabu cha safari ile, na mwanzoni mwa 1898 wadai wote wakawa wamelipwa. Mwaka wa 1905 alitoa kijitabu cha kumshutumu Mfalme Leopold kwa mateso ya watu wa Kongo. Alikufa tarehe 21 Aprili, 1910.

Siku hizi sheria ya Uganda yaruhusu kuandikisha kampuni ambayo deni lake halimfuati mwenye hisa, maadamu amelipia hisa zake. Ndiyo maana ya neno Limited katika vibao vya Jinja na Mbale. Lakini ngao hiyo ina matundu. Duka lisiloandikishwa hivyo ni wewe mwenyewe. Ukitia sahihi benki kuwa mdhamini wa kampuni yako, au ukiweka rehani shamba lako la miwa, kampuni ikifa wewe ndiwe utakayedaiwa. Tena aliyetumia kampuni kudanganya watu, mahakama yaweza kumdai yeye binafsi.

Basi, kabla ya kutia sahihi, ulizeni: natia kwa niaba ya kampuni, au kwa jina langu? Na mkeo aulizwe pia, maana nyumba ikinadiwa, yeye na watoto ndio watakaotoka nawe.