Abu Firas al-Hamdani: Kutoka Kifungoni hadi Jukwaani

Abu Firas al-Hamdani alizaliwa mwaka 932 katika ukoo wa watawala wa Mosul. Mama yake alikuwa mjakazi wa Kirumi. Baba yake aliuawa na mtoto wa nduguye katika kugombea madaraka, naye Abu Firas angali mdogo. Akalelewa na Sayf al-Dawla, binamu yake, ambaye alikuwa ndugu wa muuaji huyo. Sayf al-Dawla aliutwaa mji wa Halab mwaka 944, na baraza lake likawavutia malenga wengi, al-Mutanabbi akiwemo. Abu Firas hakutunga kwa ajili ya tunzo. Alikuwa mwanamfalme na mpiganaji, akakabidhiwa Manbij aitawale angali kijana.

Mwaka 962 Warumi wa Mashariki walimteka, wakampeleka Constantinople. Alimwandikia binamu yake amkomboe, lakini Sayf al-Dawla hakukubali kumkomboa yeye peke yake na kuwaacha mateka wengine. Mama yake alifunga safari hadi Halab kumwombea, akarudi mikono mitupu, akafariki kabla mwanawe hajaachiliwa. Msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo atamkumbuka mama mwingine, aliyeficha tupa ndani ya mkate. Huyu wa Manbij hakuwa na tupa ya kuficha.

Abu Firas alirudi mwaka 966 katika mabadilishano ya mateka. Sayf al-Dawla alifariki mwaka uliofuata. Abu Firas akazozana na mrithi, aliyekuwa mpwa wake, akauawa mwaka 968.

Tungo zake za kifungoni huitwa Rumiyyat. Mojawapo ni kasida ya bahari ya tawil, yenye kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hufungua kwa mapenzi: mwanamume asiyetaka machozi yake yaonekane, na mwanamke anayejifanya hamjui. Kisha hugeukia vita, kutekwa na fahari ya ukoo. Waimbaji wa Misri walizichukua beti za mapenzi. Abdu al-Hamuli, aliyefariki mwaka 1901, aliziimba. Umm Kulthum akazirekodi katika miaka ya 1920, kisha akaziimba upya katika miaka ya 1960 kwa muziki wa Riyad al-Sunbati, akiurudia mshororo mmoja mara nyingi hadi hadhira ikapandwa na tarabu, neno lililotupa taarabu yetu. Santuri na redio ziliifikisha sauti yake Zanzibar na Mombasa, nao wanamuziki wa huko wakajifunza kwake.

Hivyo wengi wakamjua mpenzi bila kumjua mateka. Ni hasara, ila si hasara tupu. Anayengoja usiku uingie ndipo alie ni yule yule aliyekataa kuonekana mnyonge mbele ya waliomfunga, na hilo halikuondolewa na mwimbaji yeyote.