Naftali Temu: Mwana wa Nyamira aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki

JINA la Kipchoge Keino ndilo huja kwanza midomoni mwa wengi chimbuko la ufanisi wa Kenya katika riadha linapotajwa. Hata hivyo, dhahabu ya kwanza ya taifa hili katika Michezo ya Olimpiki haikuletwa na Keino, bali na mwana wa Nyamira, marehemu Naftali Temu.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, katika milima ya Nyamira, nchi ya Abagusii. Alikulia mahali ambapo mbio ndefu zilikuwa tayari na wenyewe.

Nyandika Maiyoro, mzaliwa wa Kisii, alishiriki Olimpiki za Melbourne mwaka wa 1956 na kumaliza wa saba katika mita 5,000, kisha wa sita mjini Roma mwaka wa 1960. Naye Arere Anentia, wa jamii iyo hiyo, alinyakua shaba katika mbio za maili sita za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff mwaka wa 1958. Hao ndio waliofyeka njia ambayo Temu alikuja kuipita.

Mwanzo wake haukuwa rahisi. Akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa kwenye Olimpiki za Tokyo mwaka wa 1964. Alishindwa kumaliza mbio za mita 10,000, na katika marathon akawa wa 49. Wakati huo nishani pekee ya Kenya ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyoandaliwa Kingston, Jamaika, mwaka wa 1966, Temu alipambana na Ron Clarke wa Australia katika maili sita. Clarke ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia, na wengi walidhani dhahabu ilikuwa yake. Badala yake, kijana wa Nyamira alimwacha kwa zaidi ya sekunde 20.

Wawili hao walikutana tena Oktoba 13, 1968, katika fainali ya mita 10,000 mjini Mexico City. Mji huo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwatesa wakimbiaji waliozoea nchi za chini. Kwa aliyelelewa kwenye nyanda za juu, hali hiyo haikuwa ngeni.

Mbio zilianza kwa mwendo wa pole, kila mmoja akihifadhi nguvu zake. Kasi ilipoongezwa katika kilomita za mwisho, mmoja baada ya mwingine alibaki nyuma. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya tumbo, aliondoka njiani kabla ya kumaliza. Clarke alifika wa sita na kuzirai, akalazimika kupewa hewa ya oksijeni.

Mzunguko wa mwisho ulibaki vita vya Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde alitangulia, lakini utepe ulipokaribia Temu alichomoka, akampita na kushinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Tofauti yao haikufika sekunde moja. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa tatu, hivyo nishani zote zikaenda Afrika.

Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru. Siku chache baadaye Amos Biwott na Keino walileta dhahabu nyingine mbili, na Temu akaongeza shaba ya mita 5,000 nyuma ya Gammoudi na Keino. Alikimbia marathon pia, akamaliza wa 19. Kenya ilirejea nyumbani na nishani tisa.

Temu hakung'aa tena kiasi hicho. Katika Olimpiki za Munich mwaka wa 1972 hakuvuka mchujo, na baada ya hapo alistaafu na kurudi shambani kwake North Mugirango. Alifariki jijini Nairobi Machi 10, 2003, akiwa na umri wa miaka 57, baada ya kuugua saratani ya tezi dume.

Uzito wa ushindi wake unadhihirika zaidi kadiri miaka inavyosonga. Tangu siku ile ya Mexico City, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Richard Chelimo alipata fedha mwaka wa 1992, Paul Tergat mwaka wa 1996 na 2000, na Paul Tanui mwaka wa 2016. Mjini Sydney, Tergat aliikosa dhahabu kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Upande wa wanawake, ilibidi kumsubiri Beatrice Chebet hadi Paris mwaka wa 2024.

Taifa linalojivunia kuwa chemchemi ya mbio ndefu lina deni la kumkumbuka aliyeyachota maji hayo kwanza. Watoto wa Kisii na Nyamira wanaokimbilia shuleni kila asubuhi wanastahili kulijua jina la Temu kama wanavyolijua la Keino.