Verdi: Mkulima aliyewapa Waitalia wimbo wa mateka

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Nakuru kwa barabara ya zamani ya Naivasha hupita kando ya kanisa dogo la mawe kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Kanisa hilo lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita kutoka Italia. Walikuwa wamekamatwa na majeshi ya Uingereza katika makoloni ya Italia ya Ethiopia na Somalia, kisha wakaletwa Kenya na kutumiwa kujenga barabara. Wenzao wengi walizuiliwa katika kambi za Naivasha, Gilgil na Londiani.

Miaka 100 kabla ya hapo, Machi 9, 1842, waimbaji waliovalia kama Waebrania waliotekwa Babeli walisimama kwenye jukwaa la La Scala mjini Milan na kuililia nchi waliyonyang'anywa. Wimbo huo, Va, pensiero, ulikuwa sehemu ya opera iliyoitwa Nabucco. Mtunzi wake alikuwa kijana wa miaka 28, Giuseppe Verdi, ambaye baadaye taifa zima lilimchukua kuwa sauti yake.

Verdi alizaliwa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto. Wakati huo hapakuwa na nchi iliyoitwa Italia. Palikuwa na falme na tawala ndogondogo, nyingi zikiwa mikononi mwa wageni. Parma, alikozaliwa, ilikuwa chini ya Wafaransa wa Napoleon, na kwa sababu hiyo karani aliandika jina la mtoto kwa Kifaransa: Joseph.

Baba yake, Carlo, aliendesha mkahawa. Mama yake, Luigia, alikuwa msokota nyuzi. Uzeeni Verdi alipenda kujieleza kama mtoto wa mafukara wasiojua lolote, lakini wazazi hao ndio waliomnunulia kinanda kikuukuu alipokuwa bado mdogo. Kabla ya kubalehe alikuwa tayari akipiga kinanda katika kanisa la kijiji.

Mfadhili wake alikuwa Antonio Barezzi, mfanyabiashara wa Busseto aliyependa muziki kupindukia. Ni yeye aliyemlipia safari ya Milan mwaka wa 1832 ili ajiunge na chuo cha muziki cha mji huo. Chuo kilimkataa. Umri wake ulikuwa umepita kiwango, namna alivyoweka mikono kwenye kinanda haikuwaridhisha walimu, na juu ya hayo alihesabiwa mgeni, kwa kuwa Milan ilitawaliwa na Austria naye alitoka Parma. Alibaki mjini humo akafunzwa na mwalimu wa binafsi, Vincenzo Lavigna. Chuo kilichomfungia mlango leo kinaitwa kwa jina lake.

Mwaka wa 1836 alimwoa Margherita, binti wa Barezzi. Walipata watoto wawili, Virginia na Icilio. Virginia alifariki mwaka wa 1838. Icilio alifariki mwaka wa 1839, wiki chache kabla ya opera ya kwanza ya baba yake, Oberto, kuonyeshwa La Scala. Margherita mwenyewe alifariki Juni 1840. Akiwa katika msiba huo, Verdi alilazimika kukamilisha opera ya kuchekesha aliyokuwa ameahidi kwa mkataba. Ilionyeshwa Septemba na watazamaji wakaizomea. Aliazimia kuacha kutunga.

Bartolomeo Merelli, msimamizi wa La Scala, ndiye aliyemrudisha kazini kwa kumpa maneno ya Nabucco yaliyoandikwa na mshairi Temistocle Solera. Opera hiyo ilipendwa mno, hata ikarudiwa mara 57 katika msimu wa mwisho wa mwaka huo pekee.

Kilichokuwa kipya ndani yake kinaweza kueleweka na mwanakwaya yeyote wa Kenya. Opera za Kiitaliano za kabla ya Verdi, zile za Rossini, Bellini na Donizetti, zilimweka mbele mwimbaji mmoja mwenye sauti ya ajabu. Mwimbaji huyo alianza na wimbo wa taratibu, kisha akafuatisha wa kasi wa kuonyesha ufundi wa koo. Kwaya ilikuwa nyuma, ikijaza nafasi. Verdi aliileta kwaya mbele na kuifanya mhusika. Sehemu kubwa ya wimbo wa mateka haigawanywi katika soprano, alto, tena na besi, bali wote huimba sauti moja, polepole na kwa upole, kama umma unaokumbuka jambo moja kwa wakati mmoja. Ni sauti nyepesi ambayo hata asiyesomea muziki huondoka nayo mdomoni.

Verdi hakuwa peke yake katika karne hiyo. Frédéric Chopin, akiwa uhamishoni Paris, aligeuza ngoma za Poland kuwa muziki wa piano. Bedřich Smetana aliingiza polka ya wanakijiji wa Bohemia katika opera yake ya 1866 kuhusu bibi harusi aliyeuzwa. Ujerumani, Richard Wagner, aliyezaliwa mwaka mmoja na Verdi, alizifuata hekaya za kale za watu wake na kuondoa kabisa mipaka kati ya wimbo na wimbo, okestra ikienda bila kituo. Kila mmoja alitafuta sauti ambayo watu wake wangeiita yao. Kenya ilifanya kazi ya aina hiyo mwaka wa 1963, tume ya wanamuziki watano ilipouchukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto na kuutengeneza uwe wimbo wa taifa.

Hata hivyo, kuna hadithi moja juu ya Nabucco inayohitaji kusahihishwa. Kwa zaidi ya miaka 100 imesimuliwa kwamba usiku ule wa kwanza watu wa Milan walijiona katika wale mateka, wakashangilia na kudai wimbo urudiwe mbele ya macho ya maofisa wa Austria. Mtafiti Mwingereza Roger Parker aliyapekua magazeti ya siku hizo bila kukuta ushahidi wa jambo hilo. Uliorudiwa ulikuwa wimbo mwingine, ule wa kumsifu Mungu mwishoni mwa opera. Va, pensiero ulipata uzito wake wa kisiasa polepole, na zaidi baada ya Italia kuwa nchi. Taifa lilipokwisha kuundwa lilitazama nyuma na kujichagulia wimbo uliolizaa.

Hilo halimfanyi Verdi kuwa mzalendo wa kubuniwa. Milan ilipoasi Machi 1848 na kuwafukuza Waaustria kwa siku tano, alikuwa Paris naye akarejea haraka kuushuhudia mji huru. Januari 1849, Roma ikiwa imekimbiwa na Papa na wiki mbili tu kabla ya kutangazwa jamhuri, alionyesha humo opera kuhusu vita vya Legnano vya mwaka wa 1176, ambapo miji ya Lombardia ilimshinda mfalme wa Wajerumani. Kila ilipoonyeshwa, sehemu ya mwisho ilibidi irudiwe yote. Ndani ya mwaka huo jamhuri ilivunjwa, na Waaustria walikuwa tayari wamerudi Milan.

Kilichofuata kilikuwa kipindi cha kupambana na wakaguzi wa serikali. Katika Rigoletto ya 1851, mfalme mzinzi wa Ufaransa alilazimika kuwa mtawala mdogo wa Mantua. Katika Un ballo in maschera ya 1859, mfalme wa Uswidi aliyeuawa akicheza dansi aligeuzwa gavana wa Boston, kana kwamba risasi ya Marekani haina hatari. Watu nao walikuwa na hila zao. Mwaka huo huo kelele za Viva Verdi zilisikika na kuandikwa kutani, kwa kuwa herufi za jina lake zilikuwa pia za Vittorio Emanuele Re d'Italia, yaani Vittorio Emanuele, Mfalme wa Italia. Mwaka wa 1861 mfalme huyo alitawazwa, na waziri mkuu Cavour akamshawishi mtunzi kuingia katika bunge la kwanza. Verdi alikaa humo hadi 1865 bila kuvutiwa sana.

Alichopenda ni shamba. Kwa fedha za opera alinunua ardhi Sant'Agata, karibu na Busseto, akahamia huko mwaka wa 1851. Alifuga ng'ombe, akashughulikia maji ya kunyweshea mimea na kusimamia mwenyewe mauzo ya mifugo na mazao. Mkulima wa Njoro au Molo angeelewana naye upesi kuliko profesa wa muziki. Mwaka wa 1888 alifungua hospitali katika kijiji jirani cha Villanova. Aliishi na Giuseppina Strepponi, mwimbaji aliyecheza kama Abigaille katika Nabucco. Waliishi pamoja miaka mingi kabla ya ndoa, na wenyeji wa Busseto walimsengenya mwanamke huyo hata kanisani. Walioana mwaka wa 1859.

Opera yake inayoigusa Afrika Mashariki ni Aida, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Cairo mnamo Desemba 24, 1871, kwa agizo la Ismail Pasha, mtawala wa Misri. Verdi alilipwa faranga 150,000 na hakusafiri kwenda kuiona. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyefanywa mtumwa Misri, ambaye anampenda kamanda wa jeshi linalopigana na nchi yake. Muziki unaodaiwa kuwa wa Kimisri humo ni wa kubuni. Lakini wimbo wa Aida wa kuililia nchi yake ni wa kweli kama ule wa mateka wa Babeli, na safari hii mwenye uchungu ni Mwethiopia.

Ismail hakuupata ujumbe huo. Mwaka wa 1875 aliyatuma majeshi Ethiopia, na mwaka huo huo meli zake zikafika Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sultan Barghash wa Unguja. Uingereza ilimlazimisha kuondoka pwani. Huko Ethiopia, majeshi yake yalishindwa na Mfalme Yohannes wa Nne huko Gundet mwaka wa 1875 na tena Gura mwaka wa 1876.

Waitalia nao hawakuupata. Mwaka wa 1885, taifa ambalo halikuwa limetimiza miaka 25 tangu kuundwa liliteka Massawa, na Machi 1, 1896 jeshi lake likavunjwa Adwa na Menelik wa Pili. Verdi alikuwa na umri wa miaka 82. Mgeni wake mmoja aliandika baadaye kwamba mzee huyo aliona Italia ilikuwa imegeuka mdhalimu Afrika na kwamba ingelipa. Italia ilirudi Ethiopia kwa vita mwaka wa 1935, ikafukuzwa mwaka wa 1941, na askari wake wakaishia katika kambi za Bonde la Ufa.

Miaka ya mwisho ya Verdi ilitoa Otello mwaka wa 1887 na Falstaff mwaka wa 1893, zote kutoka kwa Shakespeare. Ndani yake zile nyimbo za kusimama na kupigiwa makofi zimekwisha karibu zote, na maneno na muziki vinakwenda pamoja kama mazungumzo. Giuseppina alifariki mwaka wa 1897.

Verdi alifariki mjini Milan Januari 27, 1901. Aliagiza mazishi ya kimya, bila muziki, na ikawa hivyo. Mwezi mmoja baadaye miili ya wanandoa hao ilihamishwa, na mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 300,000, Arturo Toscanini akaongoza kwaya kubwa kuimba Va, pensiero. Walizikwa katika nyumba aliyowajengea wanamuziki wazee wasiojiweza, aliyokataza ifunguliwe akiwa hai ili asishukuriwe. Ilifunguliwa mwaka wa 1902, na wanamuziki wangali wanaishi humo hadi leo.