Khama wa Tatu: Aliyekataa Jando Lakini Hakuliacha Baraza

Katika masomo ya ualimu tulifundishwa kwamba mwenendo wa mtu hutokana na mambo mawili: maumbile aliyozaliwa nayo, na desturi za watu waliomlea. Mwalimu akisahau moja kati ya hayo hatamwelewa mwanafunzi wake. Ndivyo ilivyo pia kwa wakubwa wanaotuongoza. Tukimwona kiongozi akitenda jambo mbele za watu, husema upesi kwamba huyu ni mwema au huyu ni mkaidi. Ni mara chache tunauliza ni desturi gani iliyomfunga, na ni moyo wa namna gani aliojaliwa.

Mwezi huu natutazame mambo hayo katika maisha ya Khama wa Tatu, Chifu wa Wangwato, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Wengi wetu twalijua jina hilo kwa ajili ya mjukuu wake, Seretse Khama, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966, na aliyekaa meza moja na Mwalimu Nyerere katika Nchi za Mstari wa Mbele. Lakini kisa cha babu yake ni cha zamani zaidi.

Khama alizaliwa katika miaka ya 1830. Baba yake, Sekgoma, alikuwa chifu, tena mganga aliyeogopwa sana. Katika kabila lile mambo hayo mawili hayakutengana: chifu ndiye aliyetazamiwa kuleta mvua, kuitisha jando na kuyalinda mashamba kwa dawa. Mwaka 1860 Khama alibatizwa na mmisionari wa Kilutheri. Miaka miwili baadaye alimwoa Elizabeth, Mkristo mwenzake, kwa ndoa ya Kanisa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sekgoma alimtaka mwanawe aoe mke wa pili ambaye yeye baba alikuwa amemchagulia. Khama akakataa. Mwaka 1865 Sekgoma akaitisha jando, na desturi ilitaka wana wa chifu wawe mbele. Khama na ndugu zake Wakristo wakakataa tena. Tusimhukumu mzee upesi. Kwake yeye, jando halikuwa ngoma tu. Ndilo lililowafanya vijana kuwa rika moja, na kila rika lilikuwa jeshi la chifu na nguvukazi yake. Mrithi aliyelikataa jando alionekana kuukataa utawala wenyewe. Mwaka 1866 mambo yakafikia vita, na Khama na wenzake wakakimbilia vilimani juu ya mji wao wa Shoshong.

Mwaka 1872 watu walimtawaza Khama. Naye akamrudisha baba yake kutoka uhamishoni, kwa maana heshima ya mzazi ilikuwa bado imo moyoni mwake. Lakini wawili hao hawakuweza kukaa pamoja. Mwaka uliofuata Khama alihama, na watu wengi wakamfuata. Mwaka 1875 alirudi kwa nguvu, akamwondoa Sekgoma, akatawala mpaka kufa kwake.

Sasa tutazame namna alivyotawala. Khama alipiga marufuku jando, akaondoa mahari, na badala ya tambiko la mvua akaweka ibada ya sala mwanzoni mwa msimu wa kulima. Aliwafukuza Shoshong wafanyabiashara wa Kizungu waliovunja amri yake juu ya vileo, jambo ambalo machifu wachache wa siku zile wangethubutu kulifanya. Baadaye alikataza hata pombe ya mtama ya wananchi.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuligusa, nalo ni baraza. Wangwato waliliita kgotla, yaani uwanja ambapo wanaume wa kabila walikuwa wakikusanyika, kila mtu akiwa na haki ya kusema, na chifu akisema mwisho. Khama aliketi hapo, akasikiliza kesi za ng'ombe, za mipaka na za ndoa. Sheria zake mpya zote zilitangazwa mahali pale pale alipoketi baba yake. Nadhani hii ndiyo sababu watu walimvumilia. Alibadili mambo mengi, lakini aliyabadili akiwa ameketi mahali ambapo desturi ilimweka chifu, na mtu mnyonge aliweza kuja na kumkabili.

Mwaka 1885 nchi yake iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Miaka kumi baadaye ikaja hatari kubwa. Kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokwisha kuzitwaa nchi za Washona na Wandebele, ilitaka kukabidhiwa na Bechuanaland. Khama na machifu wenzake wawili, Sebele na Bathoen, walisafiri mpaka Uingereza mwaka 1895, wakifuatana na mmisionari Willoughby. Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, aliwaambia wapatane na Kampuni, kisha akaenda likizo. Basi machifu wakatumia majuma yale kuzunguka mji hata mji, wakizungumza makanisani na katika mikutano ya watu waliopinga ulevi.

Hapa twaona jambo la ajabu. Ule ukaidi uliomgombanisha Khama na baba yake nyumbani, huko ugenini ulimfungulia milango. Waingereza wa makanisa yale walimwona mtu mrefu, mkimya, asiyegusa kileo, mume wa mke mmoja, wakasema ni mwenzao. Chamberlain aliporudi alikuta barua nyingi za kuwaunga mkono. Mwezi wa Novemba ilikubaliwa kwamba nchi za machifu zibaki chini ya Malkia, wakitoa ukanda wa ardhi kwa ajili ya reli na kukubali kodi. Malkia Victoria akawapokea Windsor. Kisha mwisho wa Desemba watu wa Rhodes, wakiongozwa na Jameson, waliivamia Transvaal na kushindwa vibaya. Kampuni ikaaibika, na mpango wa kuikabidhi Bechuanaland yote ukafa.

Lakini mwalimu mwaminifu hatoi alama mia kwa mia. Moyo ule ule usiopinda ulimfanya Khama kuwa mzito kwa watu wa nyumbani. Aligombana na ndugu zake, na baadhi yao wakahama na wafuasi wao. Alimkosea subira mwanawe Sekgoma, kama vile yeye mwenyewe alivyokosewa subira na baba yake, na wakatengana miaka mingi kabla ya kupatana katika uzee wake. Hata na mmisionari Hepburn, rafiki wa miaka mingi, alikosana, kwa sababu Khama alitaka neno la mwisho katika Kanisa liwe lake. Hakuruhusu madhehebu mengine kuingia nchini mwake. Aliikataa desturi ya chifu kuwa mganga wa kabila, lakini desturi ya chifu kuwa mkuu wa ibada ya kabila ilibaki ndani yake, pengine bila yeye kujua.

Wasomaji wetu wa kusini mwa Tanzania wanajua kwamba palikuwa na njia nyingine. Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakuliondoa jando. Alilisafisha, akaliweka chini ya Kanisa. Khama alikata, Lucas alipogoa. Kila mmoja alifanya kwa kadiri ya moyo wake na ya mahali alipowekwa, na sidhani kwamba ni haki kumpima mmoja kwa kipimo cha mwenzake.

Khama alifariki huko Serowe tarehe 21 Februari 1923. Juu ya kaburi lake pana sanamu ya paa mdogo, mnyama wa mwiko wa Wangwato tangu kale. Chifu aliyefuta jando na tambiko analala chini ya alama ya wahenga wake.

Wapenzi, nasi tuna viongozi: wa kijiji, wa shule, wa halmashauri ya mtaa wetu. Tunapowachagua, tusiangalie tu kama wana msimamo. Msimamo ni karama, lakini ni kama moto wa jikoni, hupika na huunguza. Tuangalie pia kama wanakubali kuketi barazani na kusikia neno la mdogo kabla ya kusema lao. Na sisi tulio wazazi tukumbuke kwamba ukali tulioteseka nao utotoni ndio tunaowageuzia watoto wetu kwa urahisi. Khama, kwa ushujaa wake wote, alichukua miaka mingi kulishinda jambo hilo. Tuombe tulishinde mapema zaidi.