Salim Ali: Yatima wa Bombay aliyeuliza jina la ndege

Hapa kwetu Pwani, mtu akibeba darubini na kuingia mikokoni twamwita mtalii. Akiwa mwenzetu, twamuuliza kama hana kazi ya kufanya. Leo nawaletea habari za Muislamu mmoja wa ng'ambo ya bahari yetu hii, aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, na ambaye alinyimwa ajira kwa kukosa shahada.

Salim Ali alizaliwa Bombay tarehe 12 Novemba 1896 katika ukoo wa Mabohora, akiwa kitindamimba. Baba alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja, na mama akafuata alipofikisha miaka mitatu. Akalelewa na mjomba wake, Amiruddin Tyabji, aliyekuwa mwindaji. Kijana naye akapewa bunduki ndogo ya upepo ya kupigia shomoro.

Siku moja aliangusha shomoro mwenye doa la manjano kooni. Hakumtambua, na kama mtoto wa Kiislamu hakujua iwapo ni halali kuliwa. Mjomba akamtuma kwa W. S. Millard, katibu wa chama cha elimu ya viumbe cha Bombay. Mwingereza huyo hakumfukuza. Alimtajia jina la ndege, kisha akamfungulia makabati yaliyojaa ndege waliokaushwa. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Haikuwa safari nyoofu. Chuo kilimshinda mwanzoni, akaenda Burma kumsaidia nduguye katika kazi ya madini. Aliporudi alisoma biashara na elimu ya wanyama, lakini shahada hakupata. Kwa sababu hiyo, taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyama haikumchukua kuwa mtaalamu wake wa ndege. Mwaka 1926 akapata kazi ya kuelimisha wageni katika makumbusho ya Bombay, kisha akaenda Berlin kujifunza kwa Profesa Erwin Stresemann. Aliporudi mwaka 1930 alikuta kazi ile imefutwa kwa ukosefu wa fedha.

Bila mshahara, alihamia na mkewe Tehmina katika kijiji cha Kihim, ufukweni. Karibu na nyumba mnana walikuwa wakisuka viota, nao ni jamaa wa hawa wanaotupigia kelele kwenye minazi yetu. Salim Ali alikaa akiwatazama siku baada ya siku. Akagundua kwamba dume hujenga kiota nusu, jike huja kukikagua, na akikiridhia dume humalizia, kisha huondoka kwenda kujenga cha jike mwengine. Wenye wake wawili wataelewa taabu yake! Utafiti huo ndio uliompa jina.

Tehmina alifariki mwaka 1939 na Salim Ali hakuoa tena. Mwaka 1941 alitoa kitabu cha ndege wa India kwa wasomaji wa kawaida, na baadaye, pamoja na Mmarekani Dillon Ripley, akaandika kingine cha majuzuu kumi. Alisimama kidete bwawa la Bharatpur lisigeuzwe mashamba. Alipofariki mwaka 1987 alikuwa na umri wa miaka 90 na alikuwa mbunge wa kuteuliwa. Huko Goa, katika kisiwa cha Chorão, kuna hifadhi ya ndege ndani ya mikoko inayobeba jina lake.

Nilimkumbuka mtu huyu mwezi wa Januari nilipozuru hori ya Mida, karibu na Watamu. Maji yalikuwa yakipwa, na kutoka kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko tuliona kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi wakiwinda kaa matopeni. Hao hutaga ndani ya mashimo ya mchanga huko pwani za Bara Arabu, kisha huja kwetu kupumzika na kula. Kijana wa pale aliyetuongoza aliwajua wote kwa sura na kwa sauti. Nilipomuuliza alikosomea, alicheka. Alijifunza kwa kutazama, na cheti hana.

Mimi nina diploma yangu na ninaijua thamani yake. Lakini nauliza: kijana huyu akiomba kazi ya kuilinda Mida, ombi lake litasomwa, au litawekwa kando kwa kukosa karatasi? Mikoko yetu inakatwa kwa boriti na makaa, na wanaojua kinachopotea ni vijana kama yeye. Kaunti zetu na mashirika ya uhifadhi ziwafanyie mtihani kule kule matopeni, ziwape ajira na ziwalipie masomo wakiwa kazini.

Nasi wazazi tuna letu. Mtoto akija na swali kuhusu ndege, tusimwambie aache mchezo. Kama jibu hatuna, tumpeleke kwa anayejua, kama alivyofanya yule mjomba wa Bombay.