MAISHA YA PREFE LEONARD DAWE, MTUNGAJI WA MAFUMBO

Wengi kati yetu tunapenda yale mafumbo ya gazeti, visanduku vyeupe na vyeusi, neno moja linakatana na lingine. Leo tunawaelezea maisha ya mtu aliyeyatunga.

Leonard Dawe alizaliwa Uingereza mwaka 1889. Alicheza mupira katika timu ya Southampton, kisha akawa mwalimu, na mwisho prefe wa skuli ya Strand, London. Tangu 1925 alitungia gazeti Daily Telegraph mafumbo. Wakati wa vita skuli ilihamia Effingham. Pale aliwaita vijana wajaze visanduku kwa maneno, halafu yeye njo anatunga maulizo yenye kuficha kila neno.

Mwezi wa tano 1944, ndani ya mafumbo yake mukatokea Utah, Omaha, Overlord na Mulberry. Tarehe 1 mwezi wa sita, Neptune. Kumbe yote ni majina ya siri ya jeshi lililokuwa karibu kushuka Normandie, tarehe 6! Watu wa usalama wakakuja kumuhoji, wakifikiri anapelekea Wajerumani habari. Hawakumuona na kosa.

Dawe alikufa 1963. Mwaka 1984, mwanafunzi wake wa zamani alisema yeye njo aliokota maneno yale kwa askari wa kampi ya jirani, akayatia ndani ya visanduku. Alisema tena kwamba prefe alimuamuru kuchoma madaftari yake, akamuapisha kwa Biblia anyamaze.

Wandugu, kufumbua pamoja ni kuzuri. Lakini neno la kuokota, tuulize kwanza limetoka wapi.